Kumtafuta Sungura Mzima

Nyika ya Thorrow, 6 Septemba 1954

Mke wangu Thirza kanipa daftari hili. Alilinunua aandikie mapishi, halafu akaona heri anipe mimi. "Andika humo," kasema. "Kutwa unaniimbia sungura, sungura, mpaka masikio yananiuma. Liambie daftari." Miaka thelathini na minane ya ndoa, na leo mtu ananituma nikazungumze na karatasi. Haya basi.

Leo nimeokota kumi na mmoja, wote upande wa misonobari. Macho yamevimba mpaka yamefumba, usaha unatiririka, masikio yamejaa manundu. Hawakimbii. Unamfikia maskini wa watu, unamwinamia, naye anaendelea kutafuna nyasi kwa sababu hakuoni wala hakusikii. Nikawavunja shingo kwa mkono, nikawatia guniani, nikaenda kuwazika. Watu wa Wizara ya Kilimo wana jina lake refu, miksomatosi. Sisi kijijini tunasema ugonjwa wa macho.

7 Septemba

Tisa.

8 Septemba

Ishirini na wawili. Mvua ya manyunyu.

12 Septemba

Kaja Bwana Haylock, msimamizi wa mashamba. Hakushuka hata garini, kashusha kioo tu. Kaniambia kwa upole, na upole wa mtu yule hunitia kichefuchefu. Nyumba hii ni ya mtunza sungura. Pasipo sungura hapana mtunza sungura, na pasipo mtunza sungura nyumba inarudi kwa mwenye ardhi. Nimepewa mpaka tarehe 25 Machi, siku ambayo tangu zamani huku kwetu mpangaji hujua anahama au anabaki.

"Nikikuonyesha kundi moja zima?" nikamuuliza.

"Ukinionyesha kundi moja, Rolfe, hata la sungura kumi wasio na ugonjwa, tutalizungushia waya na wewe utabaki ulilee. Nimeshasema na mwenye ardhi, amekubali. Ukikosa, nyika tunawapa watu wa misitu wapande misonobari."

Babu yangu kafia chumba cha mbele. Baba kafia hicho hicho. Sungura wa nyika hii wamelishwa na kutegwa na ukoo wetu tangu kabla ya reli. Nikamwambia Thirza, nikidhani atalia. Akaendelea kumenya viazi. "Nyumba za halmashauri kule mjini zina bomba jikoni," akasema. "Unazungusha mkono hivi, maji yanatoka." Nikatoka nje nikaubamiza mlango.

20 Septemba

Hakuna.

3 Oktoba

Nimeanza kutafuta kwa mpango. Nyika nimeigawa mapande kumi na sita, nayapita moja moja, na fereti wangu wawili, jamii ya kicheche tunaowafuga kuwindia sungura, sandukuni mgongoni. Bess ni jike, mweupe, mwembamba kama soksi, meno sindano tupu. Duke ni dume, mkubwa, mvivu, lakini ana pua. Unatandaza nyavu kwenye matundu yote, unamwingiza Bess tundu moja, unanyamaza. Kama kuna sungura chini utausikia mshindo miguuni, dub dub dub, kisha sungura anachomoka kama amerushwa na kujikuta wavuni.

Leo Bess kaingia matundu arobaini. Kila mara katoka mwenyewe, taratibu, akapiga chafya, akanitazama.

9 Oktoba

Pande la tano. Wagonjwa wanne, waliokufa kumi. Nimewabeba.

10 Oktoba

Jumapili. Kanisani mchungaji kaomba mvua ya wastani.

23 Oktoba

Nimegombana baani na Gathercole. Huyu shamba lake linapakana na nyika, na tangu nimjue hatujawahi kusalimiana vizuri, maana sungura wangu walikuwa wanakula ngano yake, na yeye akiwapiga risasi mimi nahesabu kuwa kaniibia. Leo kakaa karibu na moto, bia mkononi, anawaambia wenzake: "Mwaka huu nimevuna ngano yangu yote mwenyewe. Hakuna mgeni mezani." Wakacheka.

Nikasimama. Kila mtu anajua kuna wakulima wanaochukua sungura mgonjwa wakamtupia kwenye tundu la wazima ili waambukizane. Nikamwambia hivyo mbele za watu. Nikamuuliza ugonjwa ulianzaje Thorrow mwezi Julai, wakati vijiji vya jirani bado vilikuwa safi.

"Unauliza au unanituhumu?"

"Chagua mwenyewe."

"Wewe mzee wewe," akasema, kaweka bilauri chini. "Wewe si mtu, wewe ni fereti. Unaingiza pua kila tundu. Angalia usije ukakwama humo."

Wakacheka tena, lakini Gathercole hakucheka. Nilimtazama vizuri, hakucheka. Nimerudi nyumbani nimeshaamua. Kundi zima nitalipata, na aliyeuleta ugonjwa nitamjua.

24 Oktoba

Thirza: "Sasa unatafuta sungura au unatafuta mtu?" Nikamwambia vyote viwili. "Basi Mungu atusaidie," akasema.

2 Novemba

Mvua siku nne mfululizo. Matundu yanatoa harufu. Nyika inanuka toka hapa mpaka barabarani.

11 Novemba

Kaja msichana wa Wizara na baiskeli, Bi Ruddock, miwani, buti kubwa kuliko miguu. Nilidhani kaja kupima kitu cha maana. Kumbe kaja na chanuo! Anaokota sungura aliyekufa, anamlaza juu ya karatasi nyeupe, anamchana kama mama anayemtengeneza mtoto kwenda shule, kisha anahesabu viroboto. Nimeishi miaka sitini na mmoja sijaona serikali ikimlipa mtu ahesabu viroboto.

Lakini si mtu mbaya. Ana maswali mengi, na moja lilinifurahisha. Kaniambia kwao mjini wakisema mtu kafereti jambo, wanamaanisha kalitafuta kwa bidii mpaka akalipata, na ni sifa. Je, na sisi wenye fereti wenyewe tunasemaje?

"Sisi tunawacheka nyinyi," nikamwambia. "Fereti hapati kitu, mwanangu. Fereti anafukuza. Anayepata ni mtu mwenye wavu, juu, amekaa kimya. Fereti akipata mwenyewe, hiyo ni hasara. Anamuua sungura huko huko chini, anashiba, analala juu yake, na wewe unakaa kwenye baridi kutwa unamwita. Inabidi umfunge dume kamba shingoni umtume amfuate, halafu uchimbe kwa kuifuata kamba mpaka uwafikie."

"Kwa hiyo mtu akikuita fereti?"

"Inategemea nani kaniita. Mke wangu akisema nafereti, ana maana navuruga droo zake natafuta miwani. Wakisema baani, wana maana mimi mdaku. Baba akisema mtu ni fereti, alikuwa na maana hajui kuacha."

Akayaandika yote. Kisha akaanza tena habari za viroboto, kwamba wao Wizarani wanaona, kwamba huenda, kwamba kama ningeweza... Fereti walikuwa hawajala. Nikamwacha katikati ya sentensi.

19 Novemba

Pande la kumi. Hakuna.

27 Novemba

Pande la kumi na moja. Hakuna. Bess kaumia ukucha.

8 Desemba

Hakuna.

14 Desemba

Pande la kumi na tatu. Nimeona kinyesi cha sungura, kikavu, cha zamani. Nimekaa nacho kiganjani muda mrefu. Nikakitupa.

25 Desemba

Krismasi ya kwanza nyumba hii haina pai ya sungura. Thirza kapika nguruwe. Nimekula kwa ajili yake.

5 Januari 1955

Pande la kumi na sita, la mwisho. Theluji ya kufunika kisigino. Theluji haifichi kitu, sungura akipita unasoma nyayo zake kama barua. Nimetembea kutoka kona hadi kona tangu alfajiri. Nyayo za kunguru, nyayo za mbweha mmoja, nyayo zangu. Mbweha naye alikuwa anatafuta, unaona kabisa alivyozunguka zunguka. Ekari elfu mbili na hakuna hata mmoja. Nilikaa juu ya sanduku la fereti nikajisikia mzee.

9 Januari

Thirza kateleza pampuni kwenye barafu, mkono umevimba kifundo. Leo maji nimechota mimi. Ndoo sita toka uani mpaka jikoni, mbili za chai na kupikia, mbili za kufulia, moja ya kuku na moja ya kunawa. Mkono wa pampu umeganda, inabidi uumwagie maji ya moto kwanza, nayo yanataka kuni. Nilipoweka ndoo ya sita chini mgongo ulikuwa umeshikana.

"Kila siku ndoo sita?" nikamuuliza.

"Jumatatu kumi."

Sikuwa najua. Miaka yote hii nilikuwa nyikani nikirudi nakuta chai tayari. Nimeona haya kweli.

16 Januari

Jambo limetokea. Kwenye mpaka na shamba la Gathercole, chini ya ua wa miiba, nimeona gome la mche limetafunwa. Jeupe, bichi, la jana au juzi. Na kinyesi laini. Nikafuata ua mpaka lile shimo la zamani la chokaa, ambalo watu waliacha kulichimba enzi za baba. Kuna waya mpya umelizunguka, mrefu, umefukiwa chini kabisa, na lango lina kufuli.

Gathercole katokea shambani anakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia.

"Unataka nini hapa?"

"Shimo hilo mbona umelifunga?"

"Ng'ombe wasitumbukie."

"Ng'ombe gani? Huna ng'ombe upande huu."

"Rolfe, nakuambia kwa mara ya mwisho. Toka kwenye ardhi yangu, fereti wee! Na usirudi na hao wadudu wako wala na hilo gunia lako linalonuka. Umesikia? Usirudi!"

Sasa ninajua. Humo ndimo anamofuga wagonjwa. Anawalea humo, kisha anawatoa mmoja mmoja. Nimemshika.

17 Januari

Sikulala.

23 Januari

Leo Jumapili. Gathercole na mkewe wako kanisani mpaka saa sita. Nimeingia kwa kukata waya pembeni ya lango.

Naandika yote.

Shimo ni pana kama uwanja wa kanisa, kuta za chokaa pande tatu, nyasi fupi iliyoliwa vizuri kama iliyonyolewa. Nilipoiona nyasi ile niliinama nikaipapasa, maana mgonjwa hali nyasi namna hiyo. Matundu kumi na nane, udongo mpya mdomoni. Nikatandaza nyavu. Kila wavu nikaushikiza kwa vijiti. Nikamtia Bess.

Nikausikia. Chini ya buti zangu, dub, dub, dub. Tangu mwezi wa nane sijausikia mshindo ule. Kisha wavu wa kwanza ukaruka, wa pili, wa tano, nyavu zinacheza kila upande na mimi nakimbia huku na huku kama kichaa.

Nikamshika wa kwanza nikamgeuza. Macho yalikuwa meusi, makubwa, yanang'aa, na ndani yake nikaona kofia yangu. Masikio masafi. Chini ya mkia pasafi. Nikamtia guniani nisimrudishie Bess, nikamshika wa pili. Msafi. Wa tatu jike, ana mimba. Tisa nimewapekua, tisa wazima wote. Mtunza sungura hamwachii aliyemshika, mkono wenyewe umeshazoea kuvunja. Leo nimelifungua gunia nikawatazama wakirudi matunduni mmoja mmoja, na yule jike mwenye mimba akasimama mlangoni akanikunjia pua kabla ya kuzama.

Nililia. Mzee mzima, nimepiga magoti kwenye chokaa, nalia kwa sauti, na Bess ananipanda begani.

Kwa hiyo Gathercole hafugi wagonjwa. Ameficha wazima. Ameniibia sungura wangu, akawafungia, ili mimi nifukuzwe nyika ipandwe misonobari na ngano yake istarehe. Thirza kanisikiliza mpaka mwisho. "Na kwa nini awaweke hai?" akauliza. "Angetaka uondoke si angewaua tu?" Nikamwambia haelewi mambo haya.

24 Januari

Nimemwandikia Haylock. Nimetia barua posta mwenyewe.

2 Februari

Haylock kajibu. Atakuja tarehe 16 na Bi Ruddock athibitishe. Iwapo ni kweli, mwenye ardhi atakinunua kile kipande kwa Gathercole, na mimi nitakaa hapa mpaka nife. Nimemsomea Thirza. Kaketi chini. "Basi," kasema, "waambie watuletee bomba." Nikamwahidi bomba. Ningemwahidi mto mzima.

3 Februari

Jua. Nimekarabati paa la kuku.

9 Februari

Nimekuwa napiga mluzi, kasema Thirza.

16 Februari

Sina mkono wa kuandika.

17 Februari

Jana tulifika saa nne, Haylock, Bi Ruddock na mimi. Gathercole alikuwa amesimama langoni na ufunguo mkononi, kama aliyekuwa anatungoja. Ndevu hakunyoa. Haylock alipomweleza alichojia, hakubisha neno. Kafungua kufuli, kasogea kando.

Wa kwanza alikuwa katikati ya njia. Aligeuza kichwa upande wetu. Hakuwa na macho, yalikuwa mavimbe mawili tu. Wengine walikuwa wamejikunyata juani chini ya ukuta, sita au saba, na waliokufa walilala midomoni mwa matundu. Yule jike mwenye mimba sikumtambua, kwa sababu hakuna aliyetambulika.

Haylock kavua kofia, kaivaa tena. "Basi, Rolfe. Pole sana."

Nilimrukia Gathercole. Nilimshika kola na miaka yangu sitini na mmoja, nikamwambia mbele yao kwamba ametia ugonjwa kwa makusudi baada ya kujua nimewaona, kwamba ni muuaji, kwamba nitamfikisha mahakamani maana sasa kuna sheria inayokataza kuueneza. Nikamwita majina ambayo Thirza asingependa niyaandike kwenye daftari la mapishi. Alikuwa ana nguvu za kunitupa chini na hakunitupa. Alinitazama tu. Haylock ndiye aliyenivuta.

Bi Ruddock alikuwa amepiga magoti anachana mzoga.

19 Februari

Bi Ruddock kaja nyumbani, peke yake. Hakutaka chai. Kaomba kuziona nyavu zangu na gunia.

Nikampeleka bandani. Akauliza mara ya mwisho nimezifua lini. Nikacheka. Wavu haufuliwi! Sabuni ikigusa wavu, sungura ataunusa kutoka chini na hatatoka. Tunauchemsha na gome la mwaloni mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, basi. Gunia ndiyo kabisa haligusi maji, linatakiwa linuke sungura. Kanifundisha baba, na yeye kafundishwa na babake.

"Na gunia hili ndilo ulilobebea wagonjwa? Toka Septemba?"

"Ndilo hilo. Nina lipi lingine?"

Akamwomba Thirza foronya nyeupe. Akaitandaza chini, akalishika gunia pembe mbili, akalikung'uta mara tatu.

Nikawaona. Viroboto wadogo, weusi, wanaruka. Kumi, ishirini. Thirza kaziba mdomo.

"Ndio wanaoueneza, mzee wangu," kasema Bi Ruddock. Sauti ilikuwa ndogo. "Si hewa, si kugusana. Ni kiroboto. Anamng'ata mgonjwa, anakaa majuma akingoja, kisha anamng'ata mzima. Niliwahi kutaka kukuambia, Novemba."

"Nami nikaondoka."

"Ulikwenda kulisha fereti."

Akauliza niliingia shimoni lini. Nikamwambia tarehe ishirini na tatu. Akahesabu kwa vidole halafu akaacha, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshahesabu. Sungura tisa niliwatia wote guniani humo. Niliwapekua macho, nikawatia humo, nikawaachia warudi kwa wenzao.

Akaniambia hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Ni msichana mwema. Angekuwa kanitukana ningejisikia nafuu.

20 Februari

21 Februari

Nimechoma nyavu na gunia. Sanduku pia.

24 Februari

Thirza ananipikia, sili. "Kula, mzee. Hukufanya kusudi." Najua sikufanya kusudi.

1 Machi

Mvua. Bess na Duke nimempa mtega panya wa kijiji cha pili. Bess kaning'ata wakati wa kumkabidhi, hajawahi.

6 Machi

Leo nimekwenda kwa Gathercole. Siku kumi na tano zimenichukua kuvuka shamba moja. Nilimkuta langoni pa shimo la chokaa, ameegemea nguzo, bunduki ameisimamisha ukutani.

Nikavua kofia. Nikamwambia: "Ni mimi. Viroboto wa gunia langu. Yale niliyokuambia mbele ya Haylock nayafuta, na nitayafuta baani pia, mbele ya wote."

"Najua ni wewe," akasema. "Nilikuta waya umekatwa Jumapili ile ile. Alama za vijiti vya nyavu kwenye kila tundu."

"Na hukusema? Nilikushika kola hukusema?"

"Ningesema nini? Ungepoteza kazi pale pale, na mkeo kafunga bandeji."

Kisha nikamuuliza lile ambalo Thirza aliniuliza na mimi nikamwona hajui kitu. Kwa nini aliwafungia hai?

Alikuwa anakwangua rangi ya nguzo kwa ukucha.

"Julai," akasema. "Nilikwenda kwa shemeji yangu Kent, huko ugonjwa ulikuwa tayari. Nikarudi na mmoja ndani ya sanduku la matufaha. Nikamtia tundu la kwanza upande wako, chini ya misonobari. Nilitaka wapungue tu, Rolfe. Wapungue. Nilidhani ni kama homa, watakufa wengine wabaki wengine. Halafu nikawa naamka asubuhi nawakuta mlangoni kwangu, vipofu, wanajigonga kwenye ngazi. Mke wangu alikuwa anawafagia. Mwezi wa kumi nikaona humu shimoni bado wazima, nikaweka waya. Nikajiambia hawa hawatakufa. Hawa kumi na tano, ishirini, angalau hawa. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Na wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote, kwa sababu nilijua wewe huachi."

Basi nikawa nimelipata. Majira mazima nimelitafuta jibu hilo, nimelisaka pande kumi na sita, na leo nimepewa mkononi na mwenyewe, kwa hiari yake, na sikuwa na pa kuliweka. Nilidhani siku nitakapomjua nitampiga. Nilimtazama mikono, ina mabaka ya uzee kama yangu.

"Wamebaki watatu," akasema. "Nimekuja na bunduki siku tatu, siwezi. Nafikia hapa langoni narudi. Wewe una mkono. Kwako hawaumii."

Nikaingia. Wa kwanza alikuwa chini ya ukuta, wa pili kwenye mdomo wa tundu. Wa tatu nilimtafuta sana. Alikuwa amejisukuma ndani ya kichaka cha miiba mpaka mwisho, kavimba kichwa kizima, bado anapumua. Nilimtoa nikamshika chini ya koti kidogo, kwa sababu kulikuwa na baridi, kisha nikafanya.

Tukachimba pamoja, mimi na Gathercole, sepeto moja tukipokezana.

7 Machi

Nimesema baani. Wamenisikiliza mpaka mwisho. Mwenye baa kanipa bia, nikaiacha mezani.

15 Machi

Thirza anafunga vyombo kwenye magazeti. Nyumba ya halmashauri tumepewa, namba kumi na nne. Anaimba kidogo kidogo halafu anakumbuka anaacha. Nimemwambia aimbe.

22 Machi

Watu wa misitu wamekuja kupima. Wamepigilia vigingi mpaka uani kwetu.

25 Machi

Haylock kafika saa tatu kuchukua ufunguo. Safari hii kashuka garini, kanipa mkono. Kasema mwenye ardhi anataka taarifa ya kumalizia, mistari michache tu, ya kuweka kwenye faili la nyika. Akaiegemeza karatasi kwenye boneti akaanza kuniuliza na kuandika.

"Kundi la mwisho, shimo la chokaa. Sababu?"

"Mimi," nikasema. "Andika jina. Ephraim Rolfe, kwa gunia lake."

Kaandika, haraka, bila kunitazama. Thirza alikuwa ameshapanda mbele ya lori, kapakata saa ya ukutani.

"Na nyikani penyewe? Ugonjwa ulivyoanza Julai. Najua ulikuwa unalifuatilia sana hili, Rolfe. Kijiji kizima kinasema hakuna jambo ulilowahi kulitafuta ukalikosa. Ulimpata aliyeuleta?"

Toka pale uani shamba la Gathercole linaonekana lote. Ngano imeshachipua, kijani kibichi mpaka kwenye ua, hakuna jani lililoguswa. Alikuwepo katikati yake, amesimama, anatutazama.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo sikumpata."